Koti la Baridi la Yudelka

Yudelka alikuwa anaosha watu vichwa saluni kwangu hapa mjini Baní kabla hajaolewa, na alipoolewa akaendelea kuosha, maana mume mwenyewe alikaa naye wiki tatu tu, akarudi zake Boston kwenye jiko la hospitali anakopika. Wilkin, huyo mume, ana uraia wa kule. Akapeleka maombi ya kumchukua mkewe, nasi tukaanza kuisubiri viza. Nasema sisi kwa sababu saluni nzima ilisubiri. Mteja hakai vizuri kitini hajauliza, "Yude, bado tu?" Naye, mikono imejaa povu, anajibu, "Bado. Inamisha kichwa."

Krismasi Wilkin alikuja, akaondoka ameacha mimba. Wengi tulifurahi, wengine midomo ikawawasha. Kuna mmoja, simtaji kwa sababu bado ni mteja wangu, alisema mbele yangu kuwa wanaume wa huko huacha mimba hapa na mke mwingine kule. Nikamfungulia maji ya baridi utosini. "Samahani mpenzi," nikamwambia, "bomba hili linanisumbua."

Mwezi wa sita Yudelka akaitwa mji mkuu, kwanza kwenye kliniki inayopima watu wa viza. Damu sawa, chanjo sawa, ikabaki picha ya kifua. Daktari akamweleza wazi: mjamzito anaweza kuvaa aproni nzito ya kuzuia miale, akatia sahihi kwamba amekubali, akapigwa picha, au asubiri mpaka ajifungue. Akipigwa, viza iko karibu, na mtoto atazaliwa baba yake akiwepo. Asipopigwa, atazaa peke yake, na miadi mingine itakuja lini hakuna ajuaye. Nesi akamwambia karibu wote wanapigwa tu.

Yudelka akasema hapigwi.

Nilikuwepo alipoongea na Wilkin. Simu aliiweka sauti ya juu kwa kuwa mikono ilikuwa na rangi ya nywele.

"Yude, si daktari amesema hakuna neno?"

"Amesema hatari ni ndogo. Ndogo siyo hakuna."

"Nimeshapaka chumba rangi, mke wangu. Kitanda nimenunua."

"Kitanda hakiozi. Wilkin, ile mimba ya kwanza ilitoka na miezi mitatu, wewe ukiwa huko huko. Mimi ndiye niliyeiona. Kwa huyu sitii sahihi."

Kwenye simu nikasikia mwanaume anavuta kamasi. Mimi nikajifanya nafagia.

Mtaa ulimshambulia, nawaambieni. Eti anaringa, eti hataki kwenda, eti kuna jambo. Hata mama mkwe wake, Doña Nereida, mjane anayeishi naye nyumba moja, alinuna wiki nzima. "Kichwa kigumu wewe, sijapata kuona," akawa anamwambia. "Ndiyo, Doña," anajibu Yudelka, na kichwa hakilegei. Usaili wa ubalozini aliuahirisha mwenyewe, akapiga simu, akaandika, akajibiwa asubiri, akapiga tena. Akaosha vichwa mpaka tumbo likawa linafika kwenye beseni kabla ya mikono.

Mtoto akazaliwa mwishoni mwa Septemba, dume, mashavu haya hapa. Emil. Baba yake alimwona kwenye simu. "Mgeuzeni nimwone sikio," akasema, na tulipomgeuza akajifunika uso kwa kofia yake ya jikoni. Nililia mimi, nisiyelia ovyo.

Miadi nayo ikaja, katikati ya Oktoba! Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu Yudelka alikuwa ndani ya arobaini. Kwetu ni siku arobaini na moja: mzazi hatoki, halowi kichwa, hapigwi na upepo. Pamba masikioni, soksi miguuni, supu ya kuku na chokoleti ya moto. Na kwa mambo hayo Doña Nereida ni askari. Alikuwa ameziba madirisha yote kwa mataulo.

"Unakwenda wapi?" akamuuliza alipomwona anafunga begi.

"Mji mkuu, Doña. Kesho."

"Na arobaini?"

"Itanikuta njiani."

"Upepo utakuingia kichwani uwe mwehu! Unataka mwanangu aletewe mwehu?"

"Doña, daktari nimemkatalia. Mwanao nimemkatalia. Wewe ukisimama mlangoni, mimi nitapitia dirishani, na mataulo yako nitayatoa mwenyewe."

Mama wa watu akamtazama, akaingia chumbani kwake. Nikadhani kaenda kulia. Kumbe kaenda kulitafuta koti la baridi, lile Wilkin alilolituma kwa ajili ya safari, jeusi, nene, la mpaka magotini. Juu yake kofia ya sufu, soksi pea mbili na pamba.

"Utakwenda hivi," akasema. "Na mimi na mtoto tunakwenda nawe. Koti hulivui mpaka turudi. Hutaki, nizike kwanza."

Joto la siku ile! Hata mbwa walikuwa wamelala chini ya magari. Yudelka akalitazama lile koti.

"Lete," akasema.

Kliniki alilivua kwa ajili ya picha ya kifua tu, akalivaa tena. Siku ya usaili niliwasindikiza. Kwenye foleni ya ubalozi watu walishindwa kujizuia. "Dada, theluji iko mbele, hapa bado!" akapiga kelele mmoja. "Najizoeza!" akajibu Yudelka, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Akaingia peke yake. Sisi na mtoto tukabaki nje kivulini.

Ya ndani alitusimulia yeye, na saluni kwangu yamesimuliwa mpaka viti vinayajua. Ofisa alikuwa kijana, uso mwekundu, lugha yetu anaijua. Akapekua makaratasi, akasema kitu. Yudelka hakusikia, ana pamba. Akasema tena. Yudelka akachomoa pamba.

"Nasema mmekaa pamoja muda mfupi sana. Nitajuaje kama hii ni ndoa ya kweli na si ya kutafuta karatasi?" Halafu akamwangalia vizuri. "Mbona umevaa hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimezaa. Mama mkwe hataki nipigwe na upepo."

"Yuko humu ndani?"

"Yuko nje."

"Basi si ungelivua?"

"Nimemkubalia sitalivua." Akajifuta jasho kwa kofia. "Niambie wewe, bwana. Mwanamke aliyeolewa kwa ajili ya karatasi angemvumilia mama mkwe kiasi hiki, joto lote hili?"

Mama karani wa dirisha la pili, mtu wa hapa hapa kwetu, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Yule kijana hakucheka. Akaichukua pasipoti ya Yudelka, akaiweka upande wake, hakuirudisha.

Na kila mtu hapa anajua: pasipoti ikibaki, umepata.

Alipotoka, Doña Nereida alitazama mikono yake kwanza. Mitupu. "Amempata!" akapiga kelele. "Mwanangu amempata mkewe!" Akaruka na umri wake ule. Halafu akamtazama Emil aliyelala kifuani pake. Akakaa chini, pale pale ukingoni mwa barabara.

"Na mimi nitabaki na nani?" akauliza.

Nikakaa chini kando yake.

Karatasi za mtoto zilipita upande wa baba, hazikusumbua. Mwisho wa Oktoba Wilkin akapiga simu, kapata tiketi za wiki ile ile.

"Hapana," akasema Yudelka.

"Nini tena, Yude?"

"Arobaini haijaisha."

"Lakini wewe huyaamini mambo hayo!"

"Siyaamini. Mama yako anayaamini. Kata za Novemba."

Akajifungia ndani, mataulo madirishani, pamba masikioni, anakunywa chokoleti asiyoipenda. Akampa yule mama siku zake zote, hata moja hakumpunja. Ilipotimia, Doña Nereida alimleta saluni kuoshwa kichwa, na mimi hakuniruhusu kugusa. Akapima maji kwa kiwiko, akakunja mikono ya gauni lake. Alimwosha mwenyewe, akasuuza, akaanza upya, na wateja walisubiri bila kuuliza kitu.

"Inamisha kichwa, mwanangu," akasema.

Yudelka akainamisha.