Madirisha ya Posta Yaliyohesabiwa Kutoka Ndani

Mashine ya zege bado haijaanza kunguruma. Bi Randa anapanda ngazi ya kiunzi akiwa na bawa la dirisha begani. Anapanda hatua moja, anavuta pumzi, anapanda nyingine. Chini yake mwashi mmoja, wanayemwita Timazi, ameishika ngazi kwa mikono miwili.

"Shemeji, ukianguka angukia upande ule," anamwambia. "Huku nimepaka chokaa, haijakauka."

"Nikianguka nitakuangukia wewe. Angalau na wewe utakuwa umebeba kitu leo."

Timazi ni mdogo wa marehemu mumewe. Amefanya kazi na Bi Randa, ambaye ni seremala, miaka mingi, na haijapita siku hawajatupiana maneno. Leo ni Ijumaa, na maneno yenyewe yanatoka kwa uchovu. Bawa hili ni la mwisho. Lisipoingia kabla ya jioni, tundu lake litawekwa dirisha la alumini, na alumini imeshafika, imelazwa langoni ikiwa bado ndani ya nailoni.

Ukuta wanaouhangaikia ni uso wa posta ya zamani. Ni uso tu, hauna mwili. Vyumba, ngazi, kaunta ya stempu, vyote vimebomolewa ili lipande jengo la ofisi. Sheria ya mji ilitaka ukuta wa mbele ubaki, kwa hiyo umeachwa peke yake, umeegemezwa kwa vyuma, kama mtu aliyebaki kwenye foleni ofisi ikiwa imeshafungwa. Madirisha sheria haikuyataja. Wenye jengo walikubali yarudishwe, mradi yasiwacheleweshe.

Yako kumi na manne ghorofani, kila moja na mabawa mawili ya mbao ngumu. Bi Randa aliyashusha kabla ya kubomoa, akayatengeneza kwenye karakana yake, na sasa anayarudisha.

"Kuyarudisha kunasikika kazi nyepesi," anasema, akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Lakini huu ukuta umezeeka, umejikunja huku na huku. Kila fundi aliyepita aliranda kidogo hapa, kidogo pale. Sasa kila dirisha limezoea tundu lake. Ukilipeleka kwa jirani linagoma."

Ndiyo maana aliyapa namba. Alisimama ndani ya ukumbi, akaanza na la kushoto kwake, akaandika namba kwa rangi nyeupe upande wa ndani wa kila bawa. Namba hiyo hiyo akaiandika kwenye plasta, chini ya kila tundu. Kisha zikaja mashine. Plasta ya ndani ilianguka pamoja na vyumba, na namba za ukutani zikaondoka na lori la kifusi.

Timazi alipokuja kuziba nyufa, aliona matundu hayana alama. Akataka kumrahisishia shemeji yake. Ndani hapakuwa tena na pa kusimama, palikuwa na shimo la msingi. Basi akasimama barabarani, akaanza na tundu la kushoto, akapaka namba upya hadi la mwisho. Hakufikiria kwamba kushoto kwa aliye nje ni kulia kwa aliye ndani.

"Nilifanya kwa roho safi," anasema Timazi.

"Roho safi, kichwa kitupu," anajibu Bi Randa. Halafu anatikisa mkono, kama anayefukuza nzi. "Na mimi je? Nilizikuta namba, sikuuliza. Nikasema, leo shemeji kafanya la maana."

Dirisha la kwanza liligoma. Walilaumu mvua, wakasema mbao zimevimba, naye akaliranda mpaka likaingia. La pili vilevile. La tatu akaliranda mpaka jasho likamwingia machoni. Akaona ajaribu kuanzia upande wa pili wa ukuta. Alipolinyanyua la kumi na nne, lenye madoa mekundu pembeni, akasita.

Madoa hayo anayajua tangu utotoni. Mama yake alikuwa mfagiaji wa posta, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua madirisha ya ghorofani. Shule zikifungwa, Bi Randa alifuatana naye. Karani mmoja alikuwa akiyeyusha lakiri, nta nyekundu ya kufungia vifurushi, na matone yaliruka hadi dirishani. Meza ya karani huyo ilikuwa kwenye kona ya saa kubwa iliyo bado juu ya ukuta huu.

"Nikainua macho. Saa iko kule," anasema, akinyoosha kidole upande wa pili wa ukuta. "Na mimi niko huku, nimeshika madoa. Nilikaa chini. Sikulia. Nilichoka tu. Unajua, kuna kuchoka kwa kazi, na kuna kuchoka kwa kazi uliyoiharibu kwa bidii zako mwenyewe."

Msimamizi wa ujenzi, mwanamume mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, hakupaza sauti. "Mama, mimi sina ugomvi na mbao zako," alimwambia. "Lakini simu hii haipoi. Ijumaa jioni, tundu litakalokuwa wazi nalifunga na nilichonacho."

Yale ambayo hayakurandwa yalipelekwa kwenye matundu yao halisi, yakaingia bila kelele. Yale matatu yakawa membamba. Yalihitaji kuongezewa vipande pembeni, na vya mbao iliyozeeka, kwa kuwa mbao mpya hukauka na kusinyaa, kiungo kikaachia. Bi Randa alizunguka kwa wauza mbao wote anaowajua, akarudi mikono mitupu. Mbao ya umri ule aliyokuwa nayo ni moja tu: meza yake ya kazi, aliyotengenezewa na mumewe kwa mlango mkuukuu.

Timazi alimkuta ameshaweka msumeno.

"Shemeji! Hiyo si ni meza ya kaka?"

"Kaka yako hajaiulizia. Shika upande huo, isitikisike."

Sasa Timazi anashika bawa la mwisho, mojawapo ya yaliyoongezewa vipande, kwa chini, Bi Randa anatafuta bawaba. Linakwama. Analigonga kwa kiganja. Linakwama tena, kisha linasota na kulala mahali pake. Pembeni unabaki mwanya mwembamba. Msimamizi, aliyepanda kutazama, anauinamia.

"Linapitisha mwanga."

"Zamani pia lilipitisha, baba. Posta haikufa kwa hilo."

Msimamizi anakaribia kucheka. Anatoa simu, anaagiza alumini irudishwe ilikotoka, anashuka.

Hakuna anayepiga makofi. Timazi anakunywa maji, anamimina yaliyobaki kichwani. Bi Randa anakaa tena kwenye ndoo yake. Mama yake siku hizi haondoki sana kitandani, na kila jioni swali lake ni lile lile: umeyafungua yote?

"Namjibu bado, mama. Kwa sasa hata ukifungua, nyuma ni hewa. Wakishamwaga sakafu nitamwomba yule bwana nimlete. Afungue lile moja la madoa. Halafu mimi nauza randa, nakaa."

"Hayo ya kuuza ulianza kuyasema kaka akiwa hai," anadakia Timazi.

"Wakati ule nilikuwa nasema mimi. Sasa yanasema magoti."

Kabla ya kushuka analifungua bawa hadi upande wake wa ndani unatazama barabarani, na namba nyeupe inaonekana. Anaomba brashi. Kama alivyofanya kwa mengine yote wiki hii, anaandika kando ya namba, kwa herufi kubwa: NDANI.

Timazi anamuuliza, ni nani atakuja tena kuyashusha haya.

"Simjui," anasema Bi Randa, akimrudishia brashi. "Lakini akija, ajue nilisimama wapi."