Mgane wa Kwenye Hadithi

Kwenye jengo letu tulimwita Mwandishi, kwa utani zaidi kuliko heshima, maana hakuna aliyekuwa amemsoma. Mimi nilikaa mlango wa pili na ukuta wetu ulikuwa mwembamba, kwa hiyo hadithi zake nilizisikia kabla hazijachapwa. Alimsomea mkewe kwa sauti, mkewe akiwa kwenye cherehani yake, maana alikuwa fundi wa nguo. Mke akisikia sentensi ya uongo, mguu wake ulisimama kwenye pedali. Cherehani ikinyamaza, Mwandishi alikata. Hawakuhitaji kuelezana.

Mara moja tu alikataa kukata. Ilikuwa hadithi ya mgane, mwanamume aliyefiwa na mkewe, ambaye kwenye ukurasa wa mwisho anakumbatia gauni la marehemu na kulia mpaka kunakucha. Pale cherehani ikanyamaza.

"Huyu analia mno," mkewe akasema. "Kwani sahani anaosha nani?"

"Mke wangu, hii ni fasihi."

"Haya. Basi fasihi na ioshe sahani."

Machozi yakabaki, hadithi ikapendwa, na yule mama akamtania kwa sahani hizo mpaka uzeeni.

Mwaka jana mama huyo alifariki. Mazishi hayajapoa, mhariri akapiga simu: hadithi ya mgane itachapwa upya. "Mzee, rekebisha utakapo, ila machozi ya mwisho usiyaguse. Wasomaji wanayapenda."

Mwandishi akaisoma tena, akaona haya. Yeye sasa ni mgane wa kweli na hakuwa amelia hata kidogo. Alichofanya ni kununua mkate mkubwa kwa mazoea na kutupa nusu ukiwa umeota ukungu. Alilala upande wake uleule wa kitanda, ule wa pili haugusi. Alitaka jambo moja tu: ukurasa ule uwe kweli kabla hajamfuata mkewe, maana ndio ukurasa pekee aliombishia, na mkewe ndiye aliyekuwa na haki.

Lakini nani wa kumsimamisha? Aliandika, akasoma kwa sauti, chumba kikamkubalia kila kitu. Akampigia binti yake, akamsomea.

"Nzuri sana, baba."

"Sehemu gani?"

"Zote, baba."

Mtoto kumpenda baba ni jambo jema, lakini mapenzi hayakati sentensi.

Basi alasiri moja akakaa mwenyewe kwenye cherehani, haina uzi wala kitambaa, akasoma huku akikanyaga pedali. Mimi ukutani kwangu niliposikia ule mlio, nilikaa chini. Nilikuwa nimeukumbuka kuliko nilivyodhani.

Akabisha hodi mpangaji mgeni wa chini, suruali ya mumewe mkononi. "Samahani baba, nimesikia cherehani. Fundi yupo?"

"Ametoka."

"Atarudi saa ngapi?"

"Njoo kesho, mama."

Mlango ukafungwa, na cherehani haikulia tena. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipofuta yale machozi yote, na mahali pake akaandika hodi, suruali na "Njoo kesho, mama." Mhariri alinung'unika weee, mwisho akakubali.

Hadithi iliishia hapo, na ingekuwa juu yangu, ningeiacha hapo. Lakini siku iliyofuata hodi ile, yule mpangaji alirudi kweli. Nilikuwa nafagia mbele ya mlango wangu, nikainamia ufagio kama vile sina masikio.

"Fundi amerudi, baba?"

"Fundi alifariki, mama." Sikuwahi kumsikia akilitamka. "Jana nilikudanganya. Unisamehe."

Yule mama akampa pole, na kwa kuchanganyikiwa akamwachia suruali mikononi, akashuka ngazi. Mwandishi akabaki pale mlangoni, akaikumbatia suruali ya mume wa watu, na akalia. Alilia vilevile alivyoandika ujanani, kwa sauti, bila kujali nani anapita. Nilitaka kumshika bega, nikaona aibu, nikaingia ndani na ufagio wangu.

Nilikaa karibu na ukuta mpaka aliponyamaza. Kisha nikasikia bomba likifunguliwa, na sahani zikigongana taratibu kwenye karo.