Ngoma Iliyolia Kama Mbuzi

Nilipokuwa mtoto kule Fizi, hakuna mwizi wa nyama aliyenishinda. Hata paka walikuwa wananipisha njia.

Babu yangu alikuwa fundi wa ngoma. Kila mavuno anachinja mbuzi, ngozi anawamba, na mwiko wake ni mmoja: nyama ya mbuzi yule haionjwi nyumbani mpaka ngoma ilie sikukuu. Ukionja, ngoma italia kama mbuzi.

Mwaka mmoja nikamaliza paja zima. Na mbavu. Siku ya sikukuu babu akapiga ngoma na, naapa, ikasema "mee!" Kijiji kizima kikacheka. Babu jasho linamtoka.

"Nani amekula?"

"Ni mimi, babu!" Nikalia mpaka mto ukajaa.

Bibi alinichapa, shangazi wakanichapa. Babu peke yake hakunigusa. Miaka yote nikasema ni huruma.

Sasa njoo Sydney, wakati wa Korona. Tumefungiwa mtaani kwetu Blacktown, na mimi kwenye simu nawaambia watu wa kanisa: "Tukifunguliwa, ngoma ya mavuno naleta mimi. Babu alinifundisha yote!" Kweli yenyewe, nilikuwa namshikia kamba tu.

Mbuzi na ngozi yake nikapata kwa mfugaji. Nyama nikatia friza, nikapiga marufuku. Binti yangu Neema, miaka tisa, akasema, "Dad, it's just meat," eti ni nyama tu.

Siku ikafika, kanisa limejaa barakoa. Nikapiga. Ngoma ikasema "pwa," kama ndoo ya plastiki.

Papa Etienne, mzee wetu wa kanisa, akauliza, "Fundi, hiyo ngoma umeipima Korona?"

Watu wakaanguka kicheko. Neema, ambaye Kiswahili hakisemi hata umlipe, akasimama, akanigeukia analia. "Papa, ni mimi nilikula. Mama alipika."

Mke wangu akaangalia dari.

Nilivyofurahi kumpata mkosaji! Mdomo ulishafunguka nimseme. Halafu nikamwona anafuta machozi kwa barakoa, nikajua kwa nini babu hakunigusa siku ile: alijua kosa ni lake. Fundi mwenye mwiko hakosi mtoto wa kumtupia kosa. Hata hii ngozi yangu niliwamba kwa haraka, ilikuwa haijakauka.

"Mtoto hana kosa," nikasema. "Ngozi niliwamba vibaya mimi."

Babu alikuwa fundi mkubwa, sikatai. Lakini maneno yale yalimshinda, mimi nikayaweza. Na mbele ya watu elfu moja.