Kitambaa Cheusi Nilichokataa

Mimi ni mtu wa Tinde, na Rwamgasa nilikwenda kupika. Wifi yangu ndiye aliyenivuta. Alikuwa ameambiwa kwamba wachimbaji wa duara moja, shimo la dhahabu kama wanavyoliita kule, wanataka wanawake wawili wa jikoni. Tukafungasha sufuria na mwiko, tukaenda.

Mwenye duara alikuwa mtu mzuri. Alikula na watu wake, na ukimsalimia hakuitikia huku akiangalia simu. Lakini mwamba ulikuwa umemnyima. Miezi mitatu vijana walishuka na kupanda, na kila jiwe walilotoa lilikuwa jiwe tu. Asubuhi moja akaja na mganga, mzee mwembamba mwenye koti la suti, akatukusanya sote. Mganga akasema shimo limefungwa na husuda. Kila anayefanya kazi pale, hadi wa jikoni, afunge mkononi kitambaa cheusi kilichoshonewa dawa.

Foleni ilisogea haraka. Wifi akafunga chake, akaninong'oneza, "Funga tu, wifi. Mungu anaangalia moyo, haangalii mkono."

Maneno hayo yalikaribia kunishinda kweli, maana yalikuwa matamu na mimi nilikuwa naogopa. Mimi si jasiri. Kanisani kwetu hata kusoma matangazo nilikuwa nakwepa. Lakini zamu yangu ilipofika nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nisameheni, baba. Mimi nimeshavaa."

Mwenye duara akanitazama mikono yote miwili. "Umevaa nini?"

"Silaha za Mungu."

Watu wakacheka. Akaniuliza, bila ubaya, ni zipi hizo. Nikaanza kumhesabia kama nilivyofundishwa utotoni: mshipi wa kweli, dirii ya haki kifuani, viatu vya Injili. Nilipotaja viatu kila mtu akatazama miguu yangu, na mimi nilikuwa na yeboyebo, moja ya bluu na nyingine ya kijani. Kicheko kikazidi, nami nikacheka nao, na ngao ya imani ikanitoka kabisa kichwani. Nikaruka hadi chapeo ya wokovu, nikamalizia na upanga wa Roho.

Mganga hakucheka. Akasema chakula kitakachopitia mikono yangu kitaizuia dhahabu. Mwenye duara akaniomba kwa aibu nipumzike kupika kwanza. Hakunifukuza. Nyuma yangu fundi wa kufunga magogo ya kushikilia kuta za shimo, Mwislamu aliyetokea Isaka, akarudisha kitambaa chake mezani na kusema dini yake pia haimruhusu, ila alikuwa anasubiri mtu wa kuanza.

Basi jiko likabaki kwa wifi. Nampenda wifi yangu, lakini ugali wake siku zile ulikuwa na mabonge ya unga mkavu katikati, na maharage yake ungeweza kupiga nayo ndege. Siku ya kwanza vijana walikula kimya. Siku ya pili walianza kuuliza habari zangu. Siku ya tatu nilimkuta wifi anaepua sufuria kwa kile kitambaa cheusi, dawa na yote. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema mkono ulikuwa unaungua na kitu kingine cha kushikia hakikuwepo.

Mimi nilifagia, nilichota maji, nilisali. Mara mbili nilifunga mzigo nirudi Tinde, na mara mbili nikaufungua. Nilikuwa nikidhani kusimama imara ni kuhubiri kwa sauti kubwa. Kwangu ilikuwa kubaki pale na ufagio, nikiwasalimia watu walewale walionicheka.

Siku ya nne, mchana, mganga akaja mlangoni kwangu peke yake.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje mama, ingawa asubuhi ilikuwa imeshapita. Kisha akasema polepole, "Tumbo langu halijatulia tangu juzi. Una chochote?"

Nikasonga ugali mdogo, nikaunga dagaa kwa nyanya na karanga. Nilipoweka sahani nikamwambia kwangu tunaomba kwanza. Akavua kofia. Nikaomba, nikafumbua macho, nikakuta yake bado yamefumbwa. Akala akamaliza, akaomba ukoko. Alipotoka akawaambia vijana kwamba chakula cha mama huyu hakina neno. Sikumuuliza husuda imekwenda wapi. Jioni ile nilirudi jikoni, na wifi akanikabidhi mwiko kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

Mganga aliondoka wiki hiyohiyo. Dhahabu ilikuja baadaye, kidogo, kwa nyundo na jasho, na sitaki kusema ni mimi niliyeileta. Mwenye duara hakuwahi kuzungumzia jambo lile. Ila asubuhi moja, vijana wakiwa wamejipanga kushuka, alinifuata jikoni na kuniuliza kama ningeweza kuwaombea kabla hawajaingia.

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikaenda. Niliomba sentensi tatu, maana hofu haikuniruhusu ya nne, nao wakasema wanapenda maombi mafupi. Tukaendelea hivyo kila siku. Fundi wa Isaka alikuwa akisimama pembeni kidogo, viganja wazi, na amina yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.