Sindano Si ya Uzazi

Kila mwezi nesi wa kliniki ya mtaa wetu wa Jeppestown ananidunga sindano ya kutuliza sauti ambazo zamani zilikuwa zikinisema kichwani. Dada yangu aliona aibu, akawaambia wanawake wa kanisa letu la Wakongo kwamba ni sindano ya kupanga uzazi. Alidhani amenisitiri. Kumbe kwetu mke anayekataa kuzaa husemwa vibaya kuliko mgonjwa, na tangu hapo kila aliyenisalimia aliniangalia tumbo kwanza.

Jumamosi moja mke wa mchungaji alikuja saluni kwangu, hapa Jules Street, nimsuke. Nilipofika nusu ya kichwa akaanza kuniombea kwa sauti, wateja wote wakisikia, kwamba Mungu aniondolee roho ya kukataa watoto.

"Mama Mchungaji," nikamwambia, vidole vyangu vikiendelea kusuka, "ile sindano si ya uzazi. Ni ya wazimu. Bila hiyo nasikia watu wasiokuwepo wakinitukana. Na sitaiacha, hata mkifunga na kuomba mwaka mzima."

Dada yangu, aliyekuwa akimwosha mteja nywele, akafunga bomba. Mama Mchungaji alishika upande uliosukwa, kisha upande wa pili uliosimama timtim, akatazama mlango na barabara iliyojaa watu.

"Nimalizie, au utatoka hivyo hivyo?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. Nikaendelea kusuka, tena nikakaza.