Sala ya Maharage

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wengi Kigoma, mimi na mume wangu tulipanga chumba kimoja Gungu. Sote tulishinda kazini, kwa hiyo maharage tulikula Jumapili tu. Jirani yetu, mama aliyekimbia vita Burundi, alituonea huruma. Alinifundisha kuyachemsha alfajiri na mawese, kisha kuifunga sufuria ya moto kwa mablanketi na kuiacha kitandani. Yangeiva yenyewe.

Siku moja mama mkubwa alikuja kutoka Simbo bila taarifa. Jirani alimfungulia mlango, akaenda kuteka maji. Mama mkubwa akaona mtu amelala gubigubi. Akaniita, kimya. Akagusa blanketi, akakuta joto kali.

Niliporudi jioni nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda na wanawake wawili aliowaita kutoka kanisa la jirani, wanamwombea mgonjwa.

“Shikamoo, mama,” nilisema mlangoni.

Akanitazama, akalitazama blanketi. “Marahaba. Sasa huyu ni nani?”

“Ni maharage, mama.”

Wenzake walikuwa bado wamefumba macho. Akaona si vizuri kuikatiza sala, akaiendeleza mpaka amina. Kisha akafunua sufuria, akaonja.

“Chumvi haitoshi,” akasema.

Tulimwita jirani tule pamoja, tukamsimulia. Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Tangu ahamie pale hatukuwahi kumsikia akicheka. Mama mkubwa, ambaye hakuona cha kuchekesha, alimwongezea maharage.