Kwenda Kumtazama Mgonjwa wa Surua

Juzi nimekaa kwenye benchi la zahanati hapa Kismayu, akaingia mama wa kisiwa cha Chovai na mtoto mchanga amejaa vipele vya surua, anahema kwa tabu.

Nesi akamuuliza, "Ameipata wapi?"

"Tulikwenda kumtazama mtoto wa dada yangu, anaumwa."

"Na huyu hajafika hata umri wa chanjo, ukambeba?"

"Nyumba nzima tulikwenda." Akanigeukia, akanishika mkono. "Bibi, hebu mwambie wewe. Nisingekwenda, wangenisemaje?"

Wangemsema, tena wa kwanza ningekuwa mimi na mdomo wangu huu. Mwaka jana mjukuu wangu alipopata surua, mkaza mwanangu mdogo alibaki kwake na kichanga chake, akatuletea uji tu hadi mlangoni. Nikamwambia mbele za watu kwamba hana utu. Tangu hapo hatusemezani.

Mtoto wake sasa anatembea, hakutoka hata kipele. Huyu wa Chovai nimemwacha na mpira wa hewa puani. Mkaza mwanangu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na hadi leo ninapoandika haya sijapiga hodi.